Bani la tumbaku

Bani la tumbaku ni jengo la kukaushia majani ya tumbaku ya mvuke kwa hewa ya moto. Mkoani Tabora hupatikana sana Urambo, ambako zao hili lilishika nafasi baada ya mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947, kushindwa.

Utendaji. Tanuri hupasha moto mabomba yanayopita ndani ya bani, hivyo moshi haugusi majani. Hewa kavu huingia kwa matundu ya chini, hupanda kati ya fito zilizotundikwa majani, kisha hutoka juu ikiwa imebeba unyevu. Mabani ya kisasa husukuma hewa hiyo kwa feni.

Udhibiti wa unyevu. Jani bichi lina maji takribani asilimia 80 hadi 90. Mwanzoni matundu hufungwa ili jani liive na kuwa njano katika joto la nyuzi 35 hivi za Selsiasi. Baadaye hufunguliwa, na joto hupandishwa polepole hadi nyuzi 70 hivi, vikonyo vikauke. Matundu yakichelewa kufunguliwa, au joto likishuka ghafla, mvuke hugeuka matone juu ya majani, nayo huwa meusi na kupoteza daraja sokoni.

Mazingira. Kuni za kukaushia hutoka katika misitu ya miombo. Kupanda miti na kujenga mabani yanayookoa kuni ni lazima ili misitu hiyo idumu.