Matokeo ya 2007 yalivyovuka mpaka wa Busia

Jumapili jioni, Desemba 30, 2007, Samuel Kivuitu, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Kenya, alitangaza kwamba Rais Mwai Kibaki amepata kura 4,584,721 na Raila Odinga kura 4,352,993. Alikuwa mbele ya kamera za shirika la utangazaji la taifa, KBC, pekee, kwa kuwa ukumbi wa mikutano wa KICC jijini Nairobi ulikwisha kuvurugika. Muda si muda Kibaki akaapishwa Ikulu, giza likiingia, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja.

Ghasia zilizofuata zimeandikwa sana, ila zimeandikwa kutoka Nairobi, Eldoret, Naivasha na Kisumu. Upande wa Busia na Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, umepewa aya moja hapa, sentensi mbili kule. Nadhani hiyo ni dhuluma kwa watu wa mpakani, maana huko ndiko ilikoonekana wazi kwamba matokeo ya uchaguzi yanaweza kumwangukia mtu ambaye hakupiga kura wala hakuwa na haki ya kuipiga.

Mpaka wenyewe uliwekwa na Waingereza bila kuwauliza wenyeji. Hadi 1902 eneo lote la magharibi ya Kenya, mpaka Naivasha, lilikuwa mkoa wa mashariki wa Uganda. Lilipohamishiwa upande wa Kenya, Wasamia na Wateso wakajikuta wako nchi mbili, shamba huku, makaburi ya wazee kule. Ndiyo maana siasa za Busia zina undugu usiopatikana kwingine. Moody Awori, makamu wa rais wa Kenya tangu 2003, alikuwa mbunge wa Funyula. Mdogo wake, Aggrey Awori, aliwakilisha Samia-Bugwe Kaskazini katika Bunge la Uganda hadi 2006, na mwaka 2001 aligombea urais dhidi ya Yoweri Museveni. Mtu na ndugu yake, kila mmoja na bendera yake.

Desemba 27, 2007, wapiga kura wa Funyula walimwangusha Moody Awori na kumchagua Paul Otuoma wa ODM, chama cha Odinga. Makamu wa rais aliyeko madarakani kushindwa nyumbani kwake si jambo dogo. Waliomwangusha waliamini kura zao zimehesabiwa sawasawa. Siku tatu baadaye, tangazo la Kivuitu likawakuta watu haohao wakiamini kwamba kura za urais hazikuhesabiwa hivyo. Hasira ya Busia ilianzia kwenye pengo hilo: mtu ameona kwa macho yake mbunge mkubwa akianguka kituoni kwake, kisha anaambiwa nchi imeamua vingine, tena bila kuonyeshwa jinsi hesabu ilivyofika hapo.

Hasira ikatafuta wa kuiangukia, ikawakuta majirani wa kabila la Kibaki. Familia za Wakikuyu zilizofanya biashara na kuishi magharibi ya Kenya kwa miaka mingi, wengine wakiwa wamezaliwa hukohuko, zilianza kutishwa, kufukuzwa na kuporwa. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa karibu na Eldoret likateketezwa pamoja na watu waliokuwa wamejificha ndani. Baada ya hapo hakuna aliyesubiri kuambiwa mara ya pili. Kwa aliyekuwa Bungoma, Malaba au Busia, barabara ya kwenda Nairobi ilikuwa imefungwa kwa mawe na magogo. Njia iliyobaki ilikuwa ya magharibi, kuingia Uganda.

Walivuka kwa miguu, wengine kwa baiskeli za boda boda, zilezile ambazo kwa miongo mingi zilibeba wasafiri na magunia kati ya vituo viwili vya forodha. Sasa zilibeba godoro lililokunjwa na kufungwa kwa kamba ya mpira, sufuria zikining'inia ubavuni, mtoto kakaa mbele. Mwanzoni mwa Januari, shirika la UNHCR lilihesabu zaidi ya Wakenya 5,000 waliokwisha kuvuka. Walilala kwenye madarasa, makanisani, na kwa watu waliowafahamu. Msalaba Mwekundu wa Uganda ukagawa blanketi. Kisha wengi wakahamishiwa kambi ya muda ya Mulanda, wilayani Tororo, mbali kidogo na mpaka.

Wenyeji wa Tororo waliwapokea watu hao wakijua ukimbizi ni nini. Februari 1977, Idi Amin alimuua Askofu Mkuu Janani Luwum, pamoja na mawaziri Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi, huyu wa mwisho akiwa mwana wa Tororo. Yona Okoth, askofu wa dayosisi ya Bukedi yenye makao yake Tororo, akakimbilia Kenya. Miaka hiyo walimu wa Uganda walijaa katika shule za sekondari za Kenya, na wapo Wakenya wengi wenye vyeo leo waliofundishwa hesabu na Kiingereza na watu hao. Miaka 30 baadaye, barabara ileile ilitumika kurudi upande wa pili.

Lakini wenyeji hao nao hawakusalimika. Mafuta ya Uganda hushushwa Mombasa, husukumwa kwa bomba hadi Eldoret na Kisumu, kisha hupakiwa kwenye malori yanayoingia kwa Busia na Malaba. Eldoret ilipowaka, malori yakasimama. Matangi ya akiba ya serikali pale Jinja yakakutwa karibu matupu. Bei ya petroli ikaruka, nauli ikafuata, na baada ya nauli bei ya chumvi na sabuni. Rwanda, Burundi na mashariki mwa Kongo wakaumia vilevile. Kibera, mtaa wa Nairobi, vijana wakang'oa reli inayopeleka mizigo Uganda.

Reli haikung'olewa kwa bahati mbaya. Museveni alikuwa miongoni mwa marais wachache waliowahi kumpongeza Kibaki, na uvumi ukaenea magharibi ya Kenya kwamba askari wa Uganda wamevuka kuja kuisaidia serikali. Serikali ya Uganda ilikanusha. Hata hivyo dereva wa lori lenye namba za Uganda, ambaye hakumpongeza mtu, ndiye aliyekabiliwa na mawe barabarani. Kwa muda magari yalilazimika kwenda kwa misafara yenye ulinzi.

Nani alilipa hasara hiyo? Kampuni moja ya Uganda, Modern Holdings, iliishtaki Mamlaka ya Bandari ya Kenya katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki mwaka 2008 kwa ajili ya bidhaa zake zilizokwama Mombasa wakati wa ghasia. Mahakama ikaamua kwamba haina mamlaka juu ya mshtakiwa huyo, kesi ikaishia hapo. Kama kampuni yenye mawakili ilirudi mikono mitupu, mama muuza samaki wa Busia angeanzia wapi?

Februari 28, 2008, Kibaki na Odinga wakatia saini mapatano mbele ya mpatanishi Kofi Annan. Tume ya Jaji Philip Waki iliyochunguza ghasia baadaye ikahesabu vifo 1,133. Wakimbizi wengi wakarejea. Waliobaki Mulanda wakahamishiwa Kiryandongo, magharibi mwa Uganda, wakapewa viwanja vya kulima. Mtu aliyekuwa na duka mjini akaanza maisha upya kwa jembe, katika nchi ambayo hakuwahi kudhani ataishi.

Tangu hapo Kenya imebadilisha katiba, tume ya uchaguzi na sheria za kutangaza matokeo. Mwaka 2022 fomu za matokeo za vituo ziliwekwa wazi kwenye tovuti ya tume, mtu wa Busia akaweza kujumlisha mwenyewe kwa simu yake. Hilo ni jambo kubwa, na ningetaka lisirudishwe nyuma hata hatua moja. Mwaka 2018 Marais Uhuru Kenyatta na Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpakani hapo Busia, na foleni za malori zikapungua. Ila mafuta ya Uganda bado yanapita Mombasa, hata baada ya kampuni yake ya taifa kuanza kuyaagiza yenyewe mwaka 2024, na kila uchaguzi wa Kenya unapokaribia, wafanyabiashara wa Kampala huanza kujaza akiba.

Wakenya watapiga kura tena Agosti 10, 2027. Serikali za kaunti ya Busia upande wa Kenya na wilaya za Busia na Tororo upande wa Uganda zikae pamoja kabla ya siku hiyo, zikubaliane watu watapokelewa wapi na malori yatapita vipi iwapo mambo yataharibika. Na wanaokusanya kumbukumbu za 2007 waende Mulanda na Kiryandongo sasa, wakati waliovuka wakiwa watu wazima bado wapo wa kusimulia.