Daftari la Forodhani

Jioni, moshi wa pweza na mishikaki ukishatanda Forodhani, ni rahisi mtu kusahau kuwa jina la mahali pale ni jina la kazi. Forodhani ni penye forodha. Kabla ya bustani hii, ambayo ni kumbukumbu ya jubilei ya miaka 25 ya Sayyid Khalifa bin Harub iliyoadhimishwa mwaka 1936, ufukwe huu mbele ya Ngome Kongwe ndio uliopokea pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na majora ya merikani. Hadi mwaka 1873 ulipokea pia binadamu waliohesabiwa kama bidhaa. Kila kilichoshushwa kilikuwa na ushuru wake. Nimekuja kuifuata fedha hiyo kwa miguu, kutoka bustanini, kwa njia ya Mizingani, hadi karibu na bandari. Ni mwendo mfupi, usiofika nusu saa. Historia yake ndiyo ndefu.

Sayyid Said bin Sultan alipoifanya Unguja kitovu cha himaya yake, ushuru ulikuwa uti wa mgongo wa mapato. Mkataba wake na Marekani wa mwaka 1833 uliweka asilimia 5 kwa bidhaa zinazoingia, na Waingereza na Wafaransa wakafuata kwa mikataba yao. Lakini Sultani hakuwa na makarani wa kukaa kila bandari, kupima na kuandika. Akaikodisha forodha. Kampuni ya Jairam Shivji, Mbhatia wa Kutch, iliahidi kumlipa kiasi maalumu kila mwaka. Kilichozidi kikawa chake. Ilikuwa na watu wake Mombasa, Bagamoyo na Kilwa. Baadaye kazi ikaendeshwa na Ladha Damji, ambaye hadi alipofariki mwaka 1871 hapakuwa na mfanyabiashara, balozi wala msafiri wa kwenda bara aliyeweza kumpita bila kumpigia hodi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Unguja ya wakati ule daftari lilikuwepo, tena la kina, limeandikwa na watu waliozaliwa katika biashara. Ila lilikuwa la mkodishwaji. Sultani alijua alicholipwa, kilichokusanywa hakukijua. Kila mkataba mpya ulipojadiliwa, upande mmoja ulikuwa unakisia na mwingine unasoma.

Kukawa na fundo baya zaidi. Mkodishwaji huyohuyo ndiye aliyekuwa mkopeshaji wa jumba la kifalme. Sultani alipohitaji kununua meli, kulipa askari au kukirimu wageni, alichukua kwa Jairam, na deni likakatwa katika kodi ya miaka ijayo. Mwaka 1861, uamuzi wa Mwingereza Lord Canning ulipoitenga Zanzibar na Omani, Sayyid Majid, mwana na mrithi wa Said hapa Unguja, aliongezewa mzigo wa kulipa Maskati reale 40,000 kila mwaka. Alipofariki mwaka 1870, ndugu yake Sayyid Barghash alirithi kiti pamoja na mgogoro: katika madeni yale, lipi la Majid mwenyewe na lipi la dola? Hapakuwa na mtu wa kulijibu swali hilo, kwa sababu mfuko ulikuwa mmoja. Mapato ya nchi na matumizi ya nyumbani kwa Sultani yalikaa katika kibindo kimoja.

Hatua chache kutoka bustanini ndipo liliposimama zima Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake kubwa iliporomoka. Nikisimama mbele yake sina moyo wa kumhukumu Barghash upesi. Kibindo chake kilijenga jumba hili, lakini kilileta pia maji safi kwa mabomba kutoka chemchemi za nje ya mji, watu wakanywa. Alipoona mnada wa forodha unaweza kumletea zaidi, alimwachia mfanyabiashara Taria Topan tangu mwaka 1876, ingawa miaka michache baadaye kampuni ya Jairam ilirudi. Alikuwa mtawala aliyejua thamani ya ushuru. Alichokosa ni njia ya kujua, mwisho wa mwaka, kiasi gani kimeingia, kiasi gani kimetoka na kwa idhini ya nani.

Njia hiyo ililetwa na wageni, na ikaja kwa bei yake. Novemba 1890 Zanzibar ilifanywa nchi ya himaya ya Uingereza. Mwaka uliofuata akafika Gerald Portal, balozi wa Uingereza aliyekuwa bado kijana, na katika miezi michache akaigeuza hazina yote. Mnamo Oktoba 1891 Lloyd Mathews, ofisa wa jeshi la majini aliyepewa mwaka 1877 kazi ya kumfundishia Barghash askari, akawa Waziri wa Kwanza. Hazina, forodha, polisi na posta zikawekwa chini ya Wazungu. Sultani wa wakati huo, Sayyid Ali bin Said, akapangiwa rupia 250,000 kwa mwaka kwa matumizi yake na ya jumba lake. Nyingine zote zikawa fedha za serikali, zenye vitabu vyake na makadirio yake.

Kwa macho ya mhasibu, hayo ni mapinduzi, na nayaheshimu. Kwa mara ya kwanza mfuko wa mtawala na mfuko wa nchi ilitenganishwa. Lakini funguo alipewa nani? Mawaziri wale Sultani hakuweza kuwaondoa, na matumizi yalihitaji kauli ya balozi. Daftari lilitoka mkononi mwa mkodishwaji likaingia mkononi mwa London. Mkulima wa Pemba, ambaye karafuu zake zilikatwa robo nzima kuwa ushuru, hakuwa na mahali pa kuuliza. Mzigo wake ulizidi kuwa nguzo ya hazina baada ya Februari 1892, Unguja ilipofanywa bandari huru na ushuru wa bidhaa nyingi zinazoingia ukaachwa.

Nilipofika mbele ya jumba la zamani la forodha, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa makao ya chuo cha muziki wa nchi za jahazi, nilikaa barazani nikalifikiria jambo moja ambalo kila nikilisoma hunichoma. Mwaka 1890 Ujerumani ilimlipa Sultani marki milioni 4 kwa pwani ya Mrima, kama pauni 200,000. Fedha hizo ziliwekwa Uingereza. Mwaka 1895 Serikali ya Uingereza ilitaka kuiondoa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, iliyokuwa imekodishwa pwani ya Mombasa na Sultani mwenyewe. Kampuni ililipwa pauni 250,000, na 200,000 kati yake zilikuwa zile za Zanzibar. Pwani ikaingizwa katika himaya mpya. Zanzibar ikawa inalipwa pauni 17,000 kwa mwaka: 11,000 kodi ya pwani, na 6,000 riba ya asilimia 3 kwa fedha zake yenyewe. Bendera nyekundu ya Sultani iliendelea kupepea Fort Jesus, Mombasa, hadi Desemba 1963.

Hakuna senti iliyopotea katika hesabu hiyo. Imeandikwa vizuri, imejumlishwa sawasawa. Ndiyo sababu inaniuma kuliko vibindo vyote vya masultani.

Baraza la Kutunga Sheria lilikuja mwaka 1926, miaka 35 baada ya Portal, na wajumbe wake waliteuliwa. Mwafrika wa kwanza aliingia mwaka 1946. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika mwaka 1957. Miaka 66 tangu hazina itengenezwe, ndipo Mzanzibari alipopiga kura kumchagua mtu wa kusomewa daftari.

Siku hizi wataalamu hupima hazina za serikali kwa kipimo kiitwacho PEFA, cha mpango ulioanza mwaka 2001. Toleo la mwaka 2016 lina viashiria 31, na alama huanzia A hadi D. Nimejaribu kukipitisha katika njia hii. Forodha ya Ladha Damji ingeanguka mapema, kwenye mapato. Hazina ya Mathews naamini ingepata alama za kuridhisha kwenye kutunza kumbukumbu, halafu ingefika viashiria vya mwisho na kukwama. Cha 30 kinauliza juu ya mkaguzi wa nje. Cha 31 kinauliza kama wawakilishi wa wananchi huzichunguza ripoti za ukaguzi, na kama serikali hufuata wanayoagiza. Zanzibar ya leo ina Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, na ina Baraza la Wawakilishi tangu mwaka 1980. Ripoti ikiwekwa mezani kule Chukwani, Baraza linakokutana, mimi huanza na ukurasa wa hoja za mwaka uliopita ambazo hazijajibiwa.

Jua lilikuwa linazama niliporudi bustanini. Mkusanya ada alikuwa akipita meza kwa meza na mashine yake ndogo. Muuza pweza niliyenunua kwake alilipa, akaisoma risiti yake yote kwa mwanga wa taa, akaikunja na kuitia katika kopo la maziwa lililojaa nyingine.

"Za tangu Ramadhani hizi, kaka," alinambia, kisha akageukia makaa yake.