Hofu ya Fanani na Sauti ya Hadhira: Kutoka Gicandi hadi Mugithi wa Mai Mahiu

Uhakiki wa fasihi simulizi umekwisha kuandika mengi kuhusu fanani na hadhira yake, lakini umeandika machache mno kuhusu hofu. Tangu Ruth Finnegan alipochapisha kitabu chake juu ya fasihi simulizi ya Afrika mwaka 1970, na hasa baada ya Isidore Okpewho kutoa chake mwaka 1992, imekuwa kanuni kwamba utungo simulizi haukamiliki pasipo utendaji, na kwamba hadhira ni mshiriki wala si shahidi tu. Kanuni hiyo ni sahihi. Hata hivyo, imezoeleka kiasi cha kumfanya fanani aonekane kiumbe asiyetetemeka: huingia ukumbini, akaimba, akaitikiwa. Yale yanayompata baina ya kuingia na kuitikiwa, mate yanapomkauka na vidole vinapoteleza kwenye nyuzi, hayasemwi, kana kwamba ni shauri la tabibu na si la mhakiki. Makala haya yanadai kinyume chake. Hofu ya mwimbaji ni sehemu ya fani, na zipo kanuni za utungaji ambazo haziwezi kuelezwa vyema bila kuizingatia. Mfano unaochunguzwa ni mugithi, muziki wa mtu mmoja na gitaa lake, kama unavyotendwa Mai Mahiu na katika miji mingine ya Bonde la Ufa la kati.

Mai Mahiu, jina la Kikuyu lenye maana ya maji moto, ni mji uliokaa chini ya ukingo wa bonde, mahali ambapo barabara ya kwenda Narok huachana na ile ya Naivasha. Barabara iteremkayo ukingo huo ilichongwa na wafungwa wa Kiitaliano wakati wa Vita Kuu ya Pili, nao wakaacha kando yake kanisa dogo la mwaka 1942 ambalo hata leo wasafiri husimama kulitazama. Mji umeishi kwa wasafiri tangu hapo. Madereva wa malori huegesha, hula, hulala, huondoka. Kwa mwimbaji, hii ni hadhira ngumu kupita zote, kwani haimjui wala haina wajibu wa kumvumilia. Albert Lord, katika utafiti wake wa mwaka 1960 kuhusu waimbaji wa tendi wa Yugoslavia, alionyesha jinsi mwimbaji wa mkahawani alivyolazimika kurefusha na kufupisha utungo kwa kufuata kuingia na kutoka kwa wasikilizaji. Lord aliliona jambo hilo kama suala la umbo. Lingeweza pia kuonwa kama suala la ujasiri.

Mapokeo ya Wakikuyu yalikuwa na jibu lake la zamani. Gicandi, ushairi wa mafumbo ulioimbwa kwa kibuyu chenye michoro na mbegu ndani yake, haukuwa mzigo wa mtu mmoja. Mafanani wawili walijibizana mbele ya watu, mmoja akifumba na mwenziwe akifumbua. Kimani Njogu, katika kitabu chake cha mwaka 2004, ameuweka ushairi huu sambamba na kujibizana kwa washairi wa Kiswahili, na ulinganisho huo una manufaa hapa. Mwenye kujibizana hana nafasi ya kujitazama. Akili yake yote imo katika kauli ya mwenziwe. Hofu haiondoki, ila inapata kazi ya kufanya.

Fanani huyo anapobaki peke yake, mambo hubadilika, na hakuna mahali palipoonyesha badiliko hilo kwa undani kuliko mwanzo wa riwaya ya marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, Caitaani Mũtharaba-inĩ (1980). Msimulizi wake ni mcheza gicandi. Mamake Wariinga anamjia na kumsihi aisimulie habari ya mwanawe, naye anasita, maana wapo wanaoiona habari yenyewe kuwa ya aibu. Anafunga siku saba kabla ya kukubali, na jambo lake la kwanza baada ya kukubali ni kuwaita wasikilizaji waje wafikiri pamoja naye. Wahakiki wengi wamezisoma kurasa hizo kama sitiari ya unabii. Usomaji huo una haki yake, lakini umeruka jambo lililo wazi: huyu ni msanii anayeogopa. Hakuna mwenziwe wa kumjibu, kwa hiyo analazimika kuifanya hadhira iwe huyo mwenzi. Ngũgĩ, aliyeiandika riwaya hiyo gerezani Kamĩtĩ pasipo msomaji yeyote karibu, yamkini aliijua haja hiyo kuliko wahakiki wake.

Njia ya pili ya kihistoria ni kuazima sauti inayojulikana. Katika miaka ya mwanzo ya 1950, nyimbo za Mau Mau ziliimbwa kwa mahadhi ya tenzi za kanisani, jambo ambalo L. S. B. Leakey alilieleza kwa wasiwasi mwingi mwaka 1954. Maelezo ya kawaida ni kwamba mahadhi yale yalimficha mwimbaji kwa Mzungu asiyejua Kikuyu. Ndivyo ilivyokuwa. Lakini yalimfaa pia mbele ya watu wake mwenyewe. Aliyeanza ubeti kwa sauti ya kutetemeka aliupata umati umekwisha kuwa ndani ya wimbo kabla hajafika mstari wa pili, kwani kila mmoja aliyajua mahadhi tangu utotoni. Hofu ya wakati ule haikuwa ya kuaibika bali ya kukamatwa, na mwenye kuimba na watu elfu si rahisi kumnyoshea kidole.

Mugithi umezirithi njia zote mbili. Neno lenyewe lina maana ya gari moshi, lile lililolikata Bonde la Ufa na kufika ziwani mwaka 1901, na jina hilo limetokana na namna ya kucheza: watu hushikana mabega, wakafanya msururu, wakazunguka baina ya meza. Mtindo ulienea katika vilabu vya Nairobi, Kati na Bonde la Ufa katika miaka ya 1990, na Mike Rua ndiye anayetajwa zaidi miongoni mwa walioupa sura. Maina wa Mũtonya, mtafiti wake mkuu, ameonyesha jinsi mahadhi ya kidini yanavyogeuzwa kuwa nyimbo za utani na za matusi. Nyimbo za Joseph Kamaru (1939–2018) na za Daniel Kamau huimbwa upya hivyo hivyo, kama mali ya wote.

Wapo wanaoushutumu mugithi kwa kukosa ubunifu, wakisema kwamba mwimbaji anakula jasho la wengine. Shutuma hiyo inapima kwa kipimo cha kaseti. Mtu aliyeketi peke yake mbele ya kipaza sauti, bila ngoma wala waitikiaji nyuma yake, haanzi na wimbo wake mwenyewe. Anaanza na ule ambao mezani umekwisha kukaririwa. Anaimba nusu ya mstari, ananyamaza, nao wanaumalizia. Kuanzia hapo amewasikia, na aliyewasikia wasikilizaji wake hawaogopi tena kwa namna ile ile. Kisha huunga wimbo huu na ule bila kusimama. Mwungano huo aghalabu huelezwa kuwa ni kwa ajili ya wachezaji, na kweli unawafaa. Lakini ukimya baina ya wimbo na wimbo ndipo hofu inapokaa, na mwimbaji wa mugithi haupi nafasi. Pale pote anapofanya jambo ambalo mhakiki wa maandishi angeliita kasoro, yaani kurudiarudia, kuazima, kukatiza, huwa anashika mkono wa mtu.

Swali gumu ni mkono wa nani. Wimbo unaojulikana huunganisha wale tu wanaoujua. Mnamo Januari 2005 Wakikuyu na Wamaasai walipigana na kuuana katika eneo la Mai Mahiu kwa sababu ya maji ya mto Ewaso Kedong. Miaka mitatu baadaye, waliofukuzwa kwao katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 walikaa papo hapo katika makazi yaliyopewa majina ya Kiswahili, Jikaze na Vumilia. Tume ya Waki, katika ripoti yake ya mwaka 2008, ilitaja redio za lugha za kienyeji miongoni mwa vilivyochochea chuki. Mugithi haukushtakiwa humo, wala makala haya hayaushtaki. Hata hivyo, hadhira ya mji kama huu ina Mkikuyu aliyepoteza shamba, Mmaasai aliyetoka mnadani na dereva anayeelekea Malaba, na msururu wa wachezaji unapoanza kuzunguka, wapo wanaobaki vitini. Mwimbaji anayewaona ana hofu mbili: ya kukosea, na ya kufaulu upande mmoja tu wa ukumbi. Ndiyo maana kuchomeka wimbo wa Kiswahili wa Fadhili William au wa Daudi Kabaka katikati ya zile za Kikuyu si kujaza muda. Ni uamuzi wa kisanaa, na katika mahali kama Mai Mahiu ni uamuzi wa kisiasa pia.

Mpangilio wa nyimbo za usiku mmoja, basi, ni matini, nayo bado haijasomwa ipasavyo. Mikusanyo iliyopo ya nyimbo za Kikuyu, pamoja na ile yenye thamani kubwa ya Maina wa Kĩnyattĩ ya mwaka 1980, imehifadhi maneno ya nyimbo moja moja, kila wimbo na ukurasa wake. Yaliyotangulia maneno hayo, kukaza nyuzi, kukohoa, kuuliza kama waliokaa nyuma wanasikia, na jibu lililotoka huko nyuma, yameachwa nje.