Daftari la mwanafunzi na shamba la mzazi: masomo manne kwenye udongo mmoja

Mtoto akiingia kidato cha kwanza, lugha ya masomo inabadilika. Shule ya msingi ya serikali alisoma sayansi kwa Kiswahili. Sasa daftari lote ni Kiingereza, na mzazi wa Dongobesh, Haydom au Basotu aliyezoea kumsaidia jioni anaona mlango umefungwa.

Mambo yenyewe si mageni. Mengi yako shambani, tatizo ni majina tu. Katika makala haya tunachukua dhana chache za msingi za jiografia, baiolojia, sheria na biashara na kuzieleza kwa mifano ya Mbulu na Hanang. Hatukuchagua nyingi. Tumechukua zile zitakazomfaa hata msikilizaji asiye na mtoto shuleni, na zote zinaanzia kwenye udongo.

Mlima unavyogeuka udongo, na udongo unavyogeuka uji

Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, ni volkano ya zamani. Volkano iliyo hai kaskazini mwetu ni Oldoinyo Lengai; Hanang imetulia. Lakini alama za moto wa kale zipo mpaka leo, yakiwemo yale mashimo yenye maji kule Basotu.

Jiwe halibaki jiwe milele. Jua la mchana, baridi ya usiku, maji ya mvua na mizizi hulivunja kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka mpaka linakuwa udongo. Mawe na majivu ya volkano yana madini mengi ambayo mimea inayapenda, ndiyo maana watu hulima kuuzunguka mlima. Kazi hiyo hiyo ya kuvunja mawe, ikifanyika kwenye mteremko mkali, huacha mzigo mkubwa wa mawe na udongo uliolegea ukiwa umening'inia juu ya vichwa vya watu.

Hapa mwanafunzi hufundishwa maneno mawili ambayo sisi watangazaji nasi mara nyingi tunayachanganya. Mmomonyoko ni maji kubeba udongo wa juu polepole, msimu baada ya msimu, mpaka unaona mizizi ya mahindi iko nje. Maporomoko ni kipande kizima cha mteremko kushuka kwa uzito wake, kwa dakika chache.

Kinachoyaanzisha mara nyingi ni maji, na jambo hili unaweza kulijaribu nyumbani. Rundika mchanga mkavu: utasimama kama kilima kidogo. Ulowanishe kidogo: utasimama vizuri zaidi, kwa sababu unyevu unashikanisha punje. Endelea kumimina maji mpaka nafasi zote kati ya punje zijae. Sasa punje hazishikani tena, zinasukumwa na maji, na kilima chako kinatiririka kama uji.

Hicho ndicho kilichotokea alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, 2023. Ulikuwa msimu wa mvua za El Nino. Sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji, ikameguka, na tope lenye mawe na magogo likashuka hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, kikiwemo Gendabi. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Siku zile zilisambaa habari kwamba volkano imelipuka. Wataalamu wa jiolojia walieleza kuwa haikuwa volkano. Tunalirudia hapa kwa sababu bado tunasikia watu wakilisema, na tofauti yake ni kubwa: anayesubiri moshi juu ya mlima anaangalia alama isiyo yake.

Alama za kuangalia ni hizi. Nyufa mpya ardhini au ukutani kwa upande wa mteremko. Miti au nguzo zilizoanza kuinama. Kijito kinachogeuka tope ghafla, au kinachopungua ghafla mvua ikiwa bado inanyesha, kwa sababu huenda kimezibwa huko juu na kitafunguka kwa kishindo. Mngurumo usioisha. Ukiviona au kuvisikia, usikimbie kufuata bonde, maana tope nalo linafuata bonde. Toka kwa ubavu, uende mahali palipoinuka. Mtu akishasikia mngurumo hana muda wa kubeba godoro.

Je, kupanda miti kunazuia? Mizizi hushika tabaka la juu na husaidia sana dhidi ya mmomonyoko. Lakini ardhi ikikatika chini kuliko mizizi ilikofika, miti nayo inashuka pamoja na udongo. Kwa hiyo msitu wa hifadhi ya Mlima Hanang unastahili kulindwa, ila mwenye nyumba kwenye njia ya maji asijidanganye kwamba miti peke yake imemaliza kazi.

Naitrojeni ni nini na mbaazi inahusikaje?

Ukipanda kwenda Mbulu, udongo unabadilika. Sehemu kubwa ya nyanda za juu, ikiwemo Kainam, imekaa juu ya miamba ya kale sana ambayo madini yake yamechujwa na mvua kwa muda mrefu. Wazee wa Kiiraqw walilijua hilo kabla ya shule yoyote. Ndiyo maana Kainam walishika kilimo cha samadi, matuta ya kukinga maji na ng'ombe wa kulishiwa nyumbani.

Kwa lugha ya baiolojia, walichokuwa wanarudisha shambani ni virutubisho, na kinachopungua haraka kuliko vyote ni naitrojeni. Mmea unaihitaji kutengeneza majani na protini. Ajabu ni kwamba hewa tunayovuta, asilimia 78 yake ni naitrojeni, lakini mahindi hayawezi kuichukua hewani hata kidogo. Mbaazi, maharage na ngwara zinaweza, kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi. Mmea unawapa sukari, wao wanaupa naitrojeni. Mwalimu akisema viumbe viwili vinaishi kwa kutegemeana, ndiyo habari hiyo.

Ng'oa mche mmoja wa maharage unaokaribia kutoa maua, pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi ndani, bakteria wanafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, hawafanyi. Kwa mbaazi faida inaongezeka kwa sababu mizizi yake inakwenda chini sana na majani yake yanadondoka shambani. Anayechanganya mahindi na mbaazi anafanya baiolojia, hata kama hajawahi kuiona darasani. Ila akishavuna akang'oa kila kitu, mizizi na majani, akachoma, amerudisha kidogo sana.

Shamba ni la nani?

Wanafunzi wa sheria vyuo vikuu husoma kesi moja iliyotoka hapa hapa Hanang. Miaka ya 1970, shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Canada, lilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika nyanda za Basotu. Yalifika saba, karibu ekari 100,000 kwa jumla, na mengi ya maeneo hayo yalikuwa malisho ya Wabarabaig. Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji wake walikwenda mahakamani. Mwaka 1984 Mahakama Kuu Arusha iliwapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua kwa sehemu kubwa.

Sababu zake zinafaa kueleweka. Mahakama ya Rufani ilisema kwamba ardhi kuwa ndani ya mipaka ya utawala ya kijiji hakumaanishi kuwa kijiji kinaimiliki. Ilibidi kionyeshe kuwa kiligawiwa. Na aliyedai ardhi kwa mila alipaswa kuthibitisha, yeye mwenyewe, kwamba anastahili kuimiliki kwa mila hiyo. Dhana anayojifunza mwanafunzi hapa ni mzigo wa uthibitisho: anayedai ndiye anayeleta ushahidi. Ng'ombe waliolisha pale vizazi na vizazi hawakuweza kupanda kizimbani.

Migogoro kama hiyo, ya huku na ya mikoa mingine, ilifanya Serikali iunde tume iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, iliyowasilisha taarifa mwaka 1992. Ikafuata Sera ya Ardhi ya 1995, kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001. Ardhi yote bado ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Lakini haki miliki ya kimila sasa ina hadhi sawa na ile inayotolewa kwa hati za mjini. Mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu kisheria. Mjane anayeambiwa arudi kwao aache shamba alijue hilo.

Halmashauri ya kijiji inasimamia ardhi kwa niaba ya wanakijiji, na mwenyekiti hawezi kugawa eneo peke yake mezani kwake. Mkutano Mkuu wa kijiji una kauli. Hati ya haki miliki ya kimila inaweza kutolewa kwa mtu, kwa mke na mume pamoja, au kwa kikundi, jambo linalowafaa wafugaji wenye malisho ya pamoja. Kwanza uliza ofisini kama kijiji chenu kina cheti chake cha ardhi ya kijiji. Kama hakina, anzeni hapo.

Bei inatoka wapi?

Turudi kwenye mbaazi. Sehemu kubwa ya mbaazi ya Tanzania huliwa India. Agosti 2017 India ilizuia uingizaji kwa kuweka kikomo cha tani 200,000 kwa mwaka, kwa sababu wakulima wake walikuwa wamevuna sana. Bei huku ikaanguka vibaya na mkulima wa Hanang hakuwa amekosea chochote shambani. Kikomo kile kiliondolewa 2021. Hiyo ndiyo maana ya ugavi na mahitaji: bei haiangalii jasho lako, inaangalia kuna mzigo kiasi gani na nani anautaka.

Dhana ya pili ni tofauti ya mapato na faida. Tuseme umeuza mavuno kwa shilingi 900,000. Trekta ilikula 120,000, mbegu 40,000, palizi 150,000, magunia na usafiri 60,000. Gharama ni 370,000. Faida ni 530,000, na hapo hujahesabu siku ambazo wewe na watoto mlilima bila kulipwa. Kwa vitunguu saumu vya Bashay hesabu ni ile ile, ila angalia lumbesa: gunia lililojazwa likavimba juu linauzwa kwa bei ya gunia moja, na ile ziada umeitoa bure. Sheria ya vipimo inakataza, na kifungashio hakitakiwi kuzidi kilo 100.

Mbaazi yetu huwahi sokoni kabla ya mavuno makubwa ya India yanayoanza karibu na mwisho wa mwaka. Kwa hiyo anayeweka gunia ndani akisubiri Januari ipandishe bei anabahatisha, na anashindana pia na wadudu wa ghalani. Kabla ya kuuza au kuweka, piga simu masoko mawili tofauti, uulize bei ya kilo, si ya gunia.