Mponyoko wa mkojo: neno la kumwambia daktari

Kiswahili cha mtaani kina maneno mawili ya haraka kwa mtu mzima aliyelowanisha nguo zake kwa mkojo, na yote mawili yanauma. La kwanza ni kikojozi, jina la mtoto anayekojoa kitandani, ambalo mtu mzima akiitwa huwa ametukanwa. La pili ni kujikojolea. Tazama hiyo -ji- iliyokaa katikati: ni ile ile ya kujisifu na kujipaka, mtenda ni yeye na mtendwa ni yeye. Mama wa miaka 52 anayechambua maharage, akapiga chafya na kuhisi matone yakishuka, hakujitenda lolote. Lakini sarufi imeshamhukumu.

Madaktari wanaita hali hiyo inkontinensi ya mkojo. Asili yake ni Kilatini, kitenzi continere, yaani kushika au kuzuia, kikakanushwa. Jumuiya ya kimataifa ya wataalamu wa fani hii, iliyoanzishwa mwaka 1971, inaieleza kwa ufupi kuwa ni mkojo kutoka pasipo mwenyewe kukusudia, uwe tone au uwe bakuli. Wingi haujatajwa. Kwa hiyo mwanamke anayelowa kidogo tu anapocheka naye yumo, na ana haki ya kutibiwa.

Ukisoma vipeperushi vya afya utakuta inatafsiriwa kushindwa kuzuia mkojo. Maana imefika, na sina ugomvi nayo katika kitabu. Ugomvi wangu ni kwenye chumba cha daktari, kwa sababu neno kushindwa linamtaka mama aanze kwa kukiri udhaifu. Wengine huandika kutokwa na mkojo, ambalo ni pana mno. Kila mtu mwenye afya hutokwa na mkojo, na mwenye fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke lililoachwa na uzazi pingamizi, naye hutokwa na mkojo, usiku na mchana bila kukata. Fistula ina wapasuaji wake, wa hospitali za CCBRT ya Dar es Salaam na Bugando ya Mwanza wakiwa miongoni mwao, na tiba yake haifanani na ya mama anayelowa akikohoa. Waislamu nao wana istilahi ya kale katika fikihi, salasil bauli, ya mtu ambaye mkojo wake haukatiki. Huyo hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutia udhu wakati wa sala unapoingia, kisha huswali. Napenda jinsi fikihi ilivyoizungumza hali hii karne nyingi bila kumdhihaki mtu.

Sasa twende mkoani Kagera, kwenye wilaya za Karagwe na Kyerwa, hii ya pili ikiwa imemegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Ni nchi ya vilima, migomba na kahawa. Mwanamke aliyefikia umri wa kukoma hedhi huko mara nyingi amezaa watoto wengi, amebeba mikungu ya ndizi kichwani tangu usichana, amepandisha madumu ya maji kutoka bondeni, ameinama kwenye palizi na kusimama juani akigeuza kahawa kwenye turubai. Akipatwa na tatizo hili huwa hasemi. Huvaa kitenge juu ya kitenge, hukunja kipande cha kanga kuukuu na kukiweka ndani ya nguo, kanisani huchagua benchi la nyuma karibu na mlango, na safari ya basi kutoka Kayanga kwenda Bukoba huianza bila kunywa hata funda la chai.

Siku akijikaza kwenda zahanati, anamkuta mganga kijana wa rika la mwanawe wa mwisho. Kijana anasema shikamoo mama, mama anaitikia marahaba, kisha macho yanashuka chini. "Mwanangu, mkojo unanisumbua." Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Katika Kiswahili cha leo cha Tanzania, mkojo unaosumbua ni UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Ataondoka na dawa za kuua bakteria, pengine bila mkojo kupimwa, atazimaliza, ataendelea kulowa, na mwezi unaofuata ataambiwa ana UTI sugu. Kosa halijaanzia kwenye dawa. Limeanzia kwenye sentensi iliyomfikia mganga ikiwa haina habari ya kutosha.

Ndiyo maana natetea mponyoko wa mkojo. Kuponyoka ni kile anachofanya samaki mkononi au kikombe chenye sabuni: mshikaji yupo, nia ya kushika ipo, kitu kimeteleza. Nomino inaundwa kwa njia tuliyoizoea, kama mporomoko kutoka kuporomoka. Na tofauti na istilahi nyingi za vitabuni, mtu anaweza kuisema kwa kitenzi bila kuona haya: mkojo unaniponyoka. Mganga akisikia hivyo hawezi kuandika UTI na kuita mgonjwa mwingine. Inambidi aulize, unaponyoka lini?

Jibu la swali hilo ndilo linalotenganisha aina kubwa mbili. Aina ya kwanza hutokea tumbo linapokandamiza kibofu: kukohoa, kucheka, kunyanyua ndoo, kujitwisha mkungu. Naiita mponyoko wa msukumo. Wafasiri wajihadhari hapa, maana neno la Kiingereza linalotumika kuitaja aina hii, stress, ndilo hilo hilo watu wa mjini hulitumia kwa msongo wa mawazo, na mama akielezwa kwamba mkojo wake unatokana na msongo atadhani anaambiwa ana mawazo mengi. Ya pili ni mponyoko wa kubanwa: hamu inakuja ghafla, kali, na choo kiko nyuma ya migomba. Kubanwa ni neno letu wenyewe, halihitaji kutafutiwa mbadala. Wenye zote mbili, nao ni wengi, wana mponyoko mseto. Ipo pia ya kufurika, pale kibofu kisipoisha mkojo kikajaa hadi kumwaga, lakini hiyo si ya kawaida sana kwa wanawake.

Ukomo wa hedhi unaingiaje? Daktari huuhesabu baada ya miezi 12 mfululizo bila damu, na wengi huufikia kati ya miaka 45 na 55. Ovari hupunguza homoni ya estrojeni, nayo ndiyo iliyokuwa ikiufanya utando wa uke na mrija wa mkojo uwe mnene, wenye unyevu na wenye kufumba vizuri. Ikipungua, utando huwa mwembamba na mkavu, mrija hulegea, kibofu huwa chepesi kukasirika, na UTI ya kweli huja mara nyingi zaidi. Lakini tusiutwishe ukomo wa hedhi lawama zote. Uzazi wa njia ya kawaida, uzito wa mwili, kikohozi cha muda mrefu, choo kigumu na miaka ya kubeba mizigo vimeshailegeza misuli ya sakafu ya nyonga mapema. Kupungua kwa homoni hufichua tu kilichokuwa kikijengeka. Kisukari na baadhi ya dawa za presha, zile za kuongeza mkojo, navyo huchangia.

Kuhusu tiba nitakaa kidogo, kwa sababu sehemu yake kubwa haina bei. Mwaka 1948 daktari wa Marekani, Arnold Kegel, alichapisha mazoezi ya misuli hiyo ambayo hadi leo ni tiba ya kwanza ya mponyoko wa msukumo. Kaa au lala. Bana kama anayezuia upepo usitoke mbele za watu, ukivutia ndani na juu. Tumbo, mapaja na makalio yatulie, pumzi iendelee. Shikilia sekunde 5, ukizoea ufike 10, kisha legeza kwa muda kama huo. Rudia mara 8 hadi 10, mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu angalau. Wengi huacha wiki ya tatu wakidhani hayafai kitu, kumbe misuli ilikuwa bado inajengeka. Usiyafanye kila mara katikati ya kukojoa, kwani hilo huweza kukizoesha kibofu kutokuisha mkojo. Na kabla ya kukohoa au kujitwisha mzigo, bana kwanza. Jambo dogo hilo peke yake huokoa nguo nyingi.

Kwa mponyoko wa kubanwa, kibofu hufundishwa upya. Kama unaenda chooni kila saa moja, jaribu saa moja na robo kwa siku kadhaa, halafu saa moja na nusu. Inahitaji wiki sita au zaidi. Kupunguza maji kupita kiasi hakusaidii, kwa kuwa mkojo mzito hukichokoza kibofu na kukaza choo. Kinachofaa kupunguzwa ni kafeini, na hapa Kagera ina habari yake ya pekee. Kahawa ya kwao ni robusta zaidi, yenye kafeini karibu mara mbili ya arabika, na hainywewi tu. Hutafunwa. Akamwani, kahawa hiyo ya kutafuna, huwekwa mbele ya mgeni kama heshima, na bibi aliyeizoea huitafuna mchana kutwa. Sisemi mgeni asikaribishwe. Nasema anayebanwa mara kwa mara apunguze kwa wiki mbili aone mabadiliko, na pombe ya ndizi vivyo hivyo.

Hayo yasipotosha, ipo estrojeni ya kupaka ukeni kwa kipimo kidogo, ambayo husaidia ukavu na kubanwa. Ya vidonge vya kumeza ni habari nyingine: utafiti mkubwa wa Marekani uliona inazidisha mponyoko. Aliyeshukiwa na kizazi anaweza kuvalishwa pete maalumu ya kukishikilia, na upasuaji upo kwa wachache wanaouhitaji.

Damu kwenye mkojo, maumivu, mkojo unaotiririka bila kukoma, au kitu kinachojitokeza ukeni si vya kusubiria mazoezi. Aliye Karagwe aende hospitali ya Nyakahanga, aliye Kyerwa aende ya Isingiro, na akifika aombe mkojo upimwe pamoja na sukari.

Ninawaomba wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wa wilaya hizo mbili walichukue neno hili na kulipeleka kwenye vikundi vya kina mama, wakilifasiri kwa Kinyambo, lugha ya huko, pale panapohitajika. Msisubiri mama alalamike. Mwulizeni ninyi, mlango ukiwa umefungwa: mama, ukikohoa mkojo unakuponyoka? Nawe mama unayesoma, ukifika kwa mganga usiseme mkojo unanisumbua. Mwambie unakuponyoka, umwambie na lini.