Vifungo vya Wagenia na Kano za Goti

Msafiri afikaye Kisangani, akateremka kwa wavuvi Wagenia pale mto Kongo unapokamilisha la mwisho katika yale maporomoko saba ya Boyoma, huona magogo makubwa yaliyosimikwa katika mashimo ya miamba, yamefungamanishwa kwa kamba za msituni, na madema yenye vinywa vipana yametundikwa kwenye mkondo. Wavuvi hao Stanley, yule msafiri wa Kizungu, aliwakuta mwaka 1877. Na miaka kumi baadaye Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, mfanyabiashara wa Zanzibar, akawa wali wa nchi ile, na kwa sababu yake na wenziwe Kiswahili kingali chasikika ukingoni hapo.

Nguvu ya jengo lile imo katika vifungo zaidi kuliko magogo, na goti la mvuvi apandaye juu yake ni vivyo hivyo. Mfupa wa paja umekaa tu juu ya muundi, wala haukuingiana nao. Kinachoushika ni kano, mbili za ubavuni na mbili zipitanazo msalaba katikati, ambazo Galeno, tabibu wa Kiyunani, alizieleza katika karne ya pili. Ile ya mbele hukatika mguu ukiwa umekita chini na mwili ukageuka ghafula: mwenyewe aghalabu husikia mlio, na kabla ya siku kwisha goti limevimba.

Kano ya ubavu wa ndani ikichanika, mara nyingi hupona yenyewe bila kisu. Ile ya msalaba haiponi kirahisi, maana yaoga katika maji ya kiungo, na damu ambayo ingeganda ikaunga ncha mbili hutawanyika. Mwaka 1895 Mayo Robson wa Leeds, Uingereza, alizishona kano zote mbili za msalaba za mchimba makaa wa umri wa miaka 41, kwa uzi wa utumbo, na mtu yule akarejea kazini. Walakini wengi walioshonwa baada yake hawakujaliwa hivyo. Hekima ilipatikana Bristol mwaka 1917, Hey Groves alipoacha kushona kilichokatika, akachukua ukanda wa utando wa paja la mgonjwa mwenyewe na kuupitisha katika matundu aliyoyatoboa mifupani. Mgenia asingestaajabu: gogo likichukuliwa na mafuriko, hukatwa jingine. Mwaka 1963 Kenneth Jones wa Marekani akatumia sehemu ya kano iliyo chini ya kilegesambwa, njia itumikayo hata leo. Na ile darubini nyembamba ya kuchungulia kiungoni, ambayo tabibu Takagi aliijaribu katika goti la maiti huko Tokyo mwaka 1918, hatimaye ikapunguza ukubwa wa jeraha.

Ajabu iliyobaki ni ya uponyaji wenyewe. Kano iliyopandikizwa kwanza hufa kwa sehemu, kisha mishipa ya damu na chembe hai huingia ndani yake na kuijenga upya, kazi ya miezi mingi. Katika mwezi wa tatu uvimbe umekwisha, mtu atembea sawasawa, naye adhani amepona, ilhali kano yake huenda ni dhaifu kuliko siku ilipofungwa. Ndiyo maana matabibu wengi humzuia kurudi uwanjani hata itimu miezi tisa, na mvuvi wa Wagenia, ambaye uwanja wake ni gogo lenye utelezi juu ya maji yaendayo kasi, ana haja ya subira zaidi kuliko mcheza kandanda.