Paruresisi katika safari za ndege

Paruresisi, au haya ya kibofu, ni hali ya mtu kushindwa kukojoa akiwa karibu na watu, au akidhani kuna watu wanaomsikia au kumsubiri, ingawa kibofu kimejaa na viungo vyake ni vizima. Akiwa peke yake nyumbani hujisaidia bila taabu. Jina hilo lilianza kutumika mwaka 1954 katika kazi ya watafiti wa Marekani Williams na Degenhart, waliowahoji wanafunzi 1,419 wa chuo na kukuta kwamba asilimia 14.4 walishapatwa na hali hiyo, baadhi mara mojamoja, baadhi kila siku. Mwongozo wa Marekani wa maradhi ya akili, DSM-5, uliotoka mwaka 2013, unaiunganisha na woga wa kijamii, kundi moja na hofu ya kuhutubia mbele za watu. Wanaume hutajwa zaidi, pengine kwa sababu ndio wenye vyoo vya kusimama bega kwa bega. Wanawake nao hupatwa.

Kukojoa huamriwa na kituo kilichomo kwenye shina la ubongo. Kituo hicho huufanya ukuta wa kibofu ujikaze na wakati huohuo misuli inayofunga njia ya mkojo ilegee. Hofu hupindua mpango huo: mishipa ya fahamu inayouandaa mwili kwa kupigana au kukimbia hulegeza ukuta wa kibofu na kukaza shingo yake, na misuli ya nyonga nayo hubana. Ndiyo maana kujikamua hakusaidii. Kadiri mtu anavyojilazimisha na kujikaripia, ndivyo anavyozidi kuziba.

Mwaka 1976 Middlemist na wenzake walichapisha jaribio lililofanyika katika choo cha wanaume cha chuo kimoja Marekani, likihusu wanaume 60. Aliyekuwa peke yake alianza kukojoa baada ya wastani wa sekunde 4.9, aliyekuwa na mtu amesimama ubavuni pake alichukua sekunde 8.4. Watafiti walipata hesabu hizo kwa kuchungulia kwa periskopu bila wahusika kujua, na lawama walizopata baadaye zilikuwa za haki. Hata hivyo tarakimu zinaonyesha kwamba jirani humchelewesha hata mtu asiye na tatizo. Mwenye paruresisi hupatwa na jambo hilohilo, ila kwake huvuka mpaka.

Ndani ya ndege

Choo cha ndege kina faragha kuliko vyoo vingi vya uwanjani. Ni chumba cha mtu mmoja chenye komeo, na mvumo wa injini na wa hewa humeza sauti ndogo zote. Choo chenyewe, cha kunyonya kwa nguvu ya hewa, ambacho James Kemper alikipatia hataza mwaka 1975 na Boeing ikaanza kukifunga mwaka 1982, kina kishindo cha kutosha kufunika mengine. Pamoja na hayo, wengi hushindwa humo, kwa sababu ndani ya ndege kinachowabana ni foleni kuliko macho ya watu. Boeing 737 mara nyingi ina vyoo vitatu kwa abiria zaidi ya 150. Chakula kikishaliwa watu husimama wote kwa pamoja, mkokoteni wa vyombo huziba ujia, taa ya mikanda huweza kuwaka wakati wowote. Aliyeko ndani huanza kuhesabu dakika anazowachelewesha wenzake, na hesabu hiyo ndiyo humfunga.

Urefu wa safari hubadilisha uzito wa jambo. Ndege ndogo za Dar es Salaam na Zanzibar hazina choo kabisa, lakini safari huisha ndani ya nusu saa. Nairobi hadi New York, safari ya moja kwa moja iliyoanza Oktoba 2018, huchukua takribani saa 15. Figo hutoa lita 1 hadi 2 za mkojo kwa siku, na kibofu cha mtu mzima hubeba kama nusu lita, hivyo hakuna anayevuka saa hizo kwa kubana tu bila mateso.

Wengi hukimbilia kutokunywa maji tangu asubuhi ya safari. Ni mbinu mbaya kuliko zote. Hewa ya ndani ya ndege ni kavu, unyevu wake mara nyingi hauzidi asilimia 20. Mkojo ukiwa mzito huwasha kibofu. Na anayejibana kitini bila kuinuka huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu. Afadhali kunywa kidogokidogo na kuacha kahawa, chai kali na pombe. Pombe huondoa haya kwa muda, kisha hujaza kibofu haraka. Hatari nyingine haizungumzwi sana: vidonge vya kuleta usingizi au kuzuia kichefuchefu, pamoja na dawa ya mafua kama Piriton, vyaweza kuzuia mkojo hata kwa mtu asiye na woga wowote.

Namna ya kukabiliana

Saa ya kwenda ni muhimu kuliko ujasiri. Nyakati nzuri ni mara taa ya mikanda inapozimwa, kabla ya chakula, na usiku abiria wengi wakiwa wamelala. Kiti cha kando ya ujia humwondolea mtu kazi ya kuwaamsha wenzake. Mhudumu akiambiwa kwa sauti ya chini, “Samahani dada, nina tatizo la mkojo, nitachukua muda,” anaweza kuwaelekeza wengine choo kingine na hatabisha hodi kwa wasiwasi. Uwanja wa Gatwick, Uingereza, ulianzisha mwaka 2016 utepe wa shingoni wenye maua ya alizeti kwa abiria wenye matatizo yasiyoonekana, nao humwondolea mtu haja ya maelezo mengi.

Ndani, kukaa ni bora kuliko kusimama, hata kwa mwanamume. Watu wa pwani waliozoea kuchutama na kustanji hawaoni aibu hapo. Baadhi husaidiwa na kutoa takribani robo tatu ya pumzi kisha kuizuia kwa sekunde 45 hivi hadi misuli ilegee, lakini zoezi hilo hujifunzwa nyumbani kwanza, na haliwafai wajawazito wala wenye maradhi ya moyo au pumu. Likishindikana, mtu atoke, atembee, arudi baadaye.

Tiba yenyewe ni mazoezi ya hatua kwa hatua: kukojoa rafiki akiwa mbali, kisha chumba cha pili, kisha nyuma ya mlango, halafu kwenye vyoo vya umma, na mwishowe safari fupi ya ndege. Chama cha kimataifa cha paruresisi, kilichoundwa Marekani mwaka 1996, huendesha warsha za namna hiyo.

Wapo wanaobeba mpira wa mkojo. Jack Lapides wa Michigan alionyesha mwaka 1972 kwamba mtu anaweza kujiwekea mwenyewe kwa usafi wa kawaida. Afundishwe na mhudumu wa afya, aubebe kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari, na asijaribu mara ya kwanza akiwa angani. Barua ina faida zaidi kwa marubani na wahudumu wa ndege wanaopimwa dawa za kulevya kwa sheria ya Marekani: asiyeweza kutoa mkojo hupewa saa 3 na maji yasiyozidi lita 1.2, na sheria haikubali kisingizio cha wasiwasi wa siku hiyo usio na ushahidi wa kitabibu wa awali.

Abiria anayetua kibofu kikiuma na mkojo usitoke hata akiwa peke yake aende hospitali siku hiyohiyo. Ni dharura, na mpira huimaliza kwa dakika chache.